Juisi ya machungwa ya maziwa yenye povu: ikikatika, ikipwaya au ikiwa chungu

Glasi iliyotoka vizuri utaijua kabla hujaionja. Juu kuna povu laini, unene wa vidole viwili, lenye rangi ya chungwa kwa mbali. Chini yake kinywaji ni kizito kidogo, rangi moja kutoka juu hadi kitako, hakina chembe wala maji yaliyojitenga. Ukionja, unapata chungwa kwanza, kisha ulaini wa maziwa, na vanila inakuja mwishoni kabisa. Glasi isiyofikia hapo ina kasoro inayotafutika, na kasoro nyingi za kinywaji hiki zina mzizi mmoja: kitu fulani hakikuwa baridi vya kutosha wakati wa kuchanganya. Nitalirudia hili mara nyingi kwa sababu ndilo watu wanalolidharau.

Kinywaji chenyewe asili yake ni Los Angeles, Marekani. Mwaka 1926 Julius Freed alifungua kibanda cha kuuza juisi ya machungwa mjini humo. Bill Hamlin, dalali aliyemsaidia kupata eneo la biashara, alikuwa na tumbo lisilostahimili ukali wa machungwa, akabuni mchanganyiko wa kuupooza ukali huo. Juisi ikawa laini, ikapata povu, wateja wakaipenda, na jina Orange Julius likashika. Mwaka 1987 biashara hiyo ilinunuliwa na Dairy Queen, kampuni ya Kimarekani ya aiskrimu na vyakula vya haraka. Mchanganyiko wa dukani ni siri ya biashara. Kinachotengenezwa majumbani ni mfano wake, na mfano huo ni mzuri sana ukifanywa kwa uangalifu.

Hapa kwetu tatizo linaanzia kwenye maelekezo yenyewe. Mapishi ya nyumbani ya Kimarekani yanataka kopo la aunsi 6, karibu ml 177, la juisi nzito iliyogandishwa: juisi iliyopunguzwa maji hadi ikawa kama uji, kisha ikawekwa kwenye friza. Humo huongezwa kikombe cha maziwa, kikombe cha maji, nusu kikombe cha sukari, vanila, na vipande vinane hadi kumi vya barafu. Sasa chukua maelekezo hayohayo, ondoa juisi nzito, weka juisi iliyokamuliwa asubuhi kutoka machungwa ya Muheza au Makueni, halafu ongeza maji na barafu kama ilivyoandikwa. Utapata maji yenye harufu ya chungwa. Juisi yetu mbichi ina maji yake tayari, haihitaji mengine.

Kwa hiyo, kabla ya kutafuta kasoro, tukubaliane kipimo cha kuanzia. Hiki kinatosha glasi tatu:

- machungwa 7 au 8 ya wastani, yatoe nusu lita ya juisi
- maziwa baridi ml 150
- maziwa ya unga vijiko vinne vya chakula
- sukari vijiko viwili hadi vitatu vya chakula
- vanila nusu kijiko cha chai
- chumvi, ile inayoshikika kwa ncha za vidole viwili tu

Juisi igawe. Ml 300 mimina kwenye trei ya barafu, igande usiku kucha. Ml 200 zilizobaki weka kwenye friji, sehemu ya ndani kabisa. Wakati wa kutengeneza, anza na maziwa, unga wa maziwa, sukari, vanila na chumvi kwenye blenda. Saga nusu dakika hadi sukari iyeyuke na povu lianze kupanda. Tia vipande vya juisi iliyoganda, saga tena. Blenda ikiwa inaendelea kuzunguka, mimina ile juisi ya friji taratibu kupitia tundu la kifuniko. Malizia kwa kasi ya juu kama sekunde 20, mimina kwenye glasi, kunywa hapohapo.

Sasa tuangalie kinachoharibika.

Maziwa yamekatika

Dalili: chembechembe nyeupe zinaelea, kinywaji kinaacha unga unga kwenye ulimi, au kuna mabonge na maji ya manjano pembeni.

Ukweli ni kwamba maziwa na chungwa havipatani kwa asili. Protini kuu ya maziwa, kasini, huanza kushikana na kuwa mabonge pale ukali wa mchanganyiko unapofikia pH ya karibu 4.6 (pH ni kipimo cha ukali: namba ikishuka, ukali unapanda). Juisi ya machungwa yenyewe huwa kati ya 3.3 na 4.2, yaani ni kali kuliko kiwango hicho. Hivyo ukichanganya juisi nyingi na maziwa kidogo, umeshavuka mpaka. Swali linalobaki ni kama kasini itashikana haraka na kwa mabonge makubwa, au itashikana polepole na kwa chembe ndogo mno ambazo ulimi hauzihisi. Chembe hizo ndogo ndizo zinazokipa kinywaji uzito wake wa kupendeza.

Baridi ndiyo inayoamua. Maziwa baridi sana yakitiwa ukali huweza kubaki laini, halafu yakaganda mara tu yanapopata joto. Ndiyo maana mtu husema, "Nilipomimina ilikuwa nzuri, nikaenda kumfungulia mgeni mlango, niliporudi imekatika." Hakukosea kwenye kuchanganya. Glasi ilipata joto mezani, na mji kama Dar es Salaam au Mombasa mwezi wa pili hauipi glasi nafasi ndefu.

Basi ukiona mabonge, jiulize kwa mpangilio huu.

Je, maziwa yalichemshwa lini? Wengi wetu tunanunua maziwa mabichi na kuyachemsha, na hilo ni sawa kabisa. Kosa ni kuyatumia yakiwa vuguvugu, au yakiwa yamepoa mezani tu. Yanapaswa kulala kwenye friji saa kadhaa. Ukiweza, yatie kwenye friza kwa dakika 20 kabla ya kuanza, jagi la blenda nalo liwe humo.

Je, maziwa yalikuwa yameanza kuchacha? Maziwa ya jana yaliyokaa nje kidogo huenda bado hayana harufu mbaya, lakini ukali wake umeshapanda. Yatakatika papo hapo yakikutana na juisi, hata yawe baridi kiasi gani. Chemsha kidogo kwenye sufuria ndogo: yakikatika jikoni, hayafai kwa kazi hii.

Je, ulimimina maziwa ndani ya juisi? Hapo matone ya kwanza ya maziwa yanaingia kwenye bahari ya ukali na kuganda moja kwa moja. Geuza mpangilio. Juisi ndiyo iingie kwenye maziwa, kidogokidogo, blenda ikizunguka, ili kasini itawanywe wakati inaposhikana.

Je, uliongeza limau, ndimu au pasheni? Pasheni ni tamu kwa harufu lakini ukali wake unalizidi chungwa kwa mbali. Kwenye juisi ya maji inapendeza sana. Kwenye kinywaji cha maziwa ndiyo njia ya haraka ya kupata jibini. Ukitaka kuchanganya tunda, tia embe lililoiva au chenza.

Kikishakatika, usijaribu kukiokoa kwa kuongeza maziwa. Unaongeza cha kukatika. Kitie kwenye friza hadi kianze kuganda, kisha kisage tena kwa kasi ya juu. Mabonge yatavunjika yakawa madogo. Hakitakuwa kama kile cha kwanza, ila kitanyweka, na hakuna cha kutupwa ikiwa maziwa yalikuwa mazima.

Povu halipandi, au linapanda na kushuka mara moja

Povu ni hewa iliyofungwa na protini. Blenda inapozunguka inaingiza hewa, protini za maziwa zinakimbilia ukingoni mwa kila kiputo na kukifunika. Ukiwa na protini chache, viputo havifunikwi. Ukiwa na mafuta mengi yaliyo huru, viputo vinapasuka. Kasoro zote za povu zinarudi kwenye mambo haya mawili, pamoja na joto.

Kwa hiyo maziwa ya unga katika kipimo changu hayapo kwa ajili ya ladha peke yake. Yanaongeza protini bila kuongeza maji. Yale yasiyo na mafuta yanatoa povu zuri zaidi. Yenye mafuta yanatoa povu dogo lakini kinywaji kinakuwa kinene mdomoni. Mimi hupendelea maziwa ya maji yenye mafuta yake pamoja na unga usio na mafuta. Hapo napata vyote viwili.

Malai ni sababu inayosahaulika. Ukichemsha maziwa na kuyalaza, utando mzito unaganda juu. Ukiumimina pamoja na maziwa, unatia mafuta yaliyojikusanya, na povu linaanguka. Uondoe kwa kijiko. Utando huo una kazi nyingine nzuri kwenye mkate wa asubuhi.

Ganda la chungwa nalo lina mafuta. Ukikamua kwa kulibana tunda lote kwa nguvu, yale mafuta yenye harufu kali yanachuruzika hadi kwenye juisi. Watu wanaokwangua ganda na kutia ndani ili kuongeza harufu wanashangaa povu limeenda wapi. Ukitaka harufu hiyo, kwangua kidogo sana na unyunyize juu ya povu baada ya kumimina.

Angalia pia jagi lenyewe. Blenda iliyosaga karanga au vitunguu vya kukaanga jana, ikasuuzwa juujuu, bado ina mafuta kwenye mpira wa chini. Ioshe kwa maji ya moto na sabuni, kisha isuuze mpaka sabuni iishe kabisa.

Na usilijaze. Jagi likifika theluthi mbili, simama. Hewa inahitaji mahali pa kuingilia, na ukilijaza hadi kifuniko utapata juisi iliyosagwa isiyo na povu. Heri kusaga mara mbili.

Kuhusu yai. Mapishi ya zamani ya Kimarekani hutumia ute wa yai, au unga wa ute wa yai, na kwa upande wa povu hakuna kinachoushinda: protini za ute zinashika viputo kwa muda mrefu na hazisumbuliwi na ukali wa chungwa kama kasini. Lakini ute mbichi una hatari ya salmonela, na kinywaji hiki hakipiti motoni. Simpi mtoto, mjamzito, mzee wala mgonjwa kinywaji chenye yai bichi, na sikushauri nawe umpe mtu yeyote. Ukipata unga wa ute wa yai uliokwisha kupitishwa kwenye joto la kuua vijidudu, kijiko kimoja cha chakula kinatosha kwa kipimo chote. Usipoupata, usihangaike, unga wa maziwa na baridi vinafanya kazi.

Hata povu zuri halidumu. Dakika kumi ni nyingi. Wageni wakae kwanza, ndipo blenda iwashwe.

Kimepwaya, hakina ladha ya chungwa

Hapa mshtakiwa ni barafu ya maji. Vipande kumi vya barafu vikiyeyuka ndani ya juisi mbichi vinaongeza maji karibu kikombe kizima. Mmarekani mwenye kopo lake la juisi nzito anayahitaji maji hayo, wewe huyahitaji. Badilisha: barafu yako iwe juisi yenyewe. Ikiyeyuka, inaongeza chungwa. Tena barafu ya juisi ina sukari ndani yake, kwa hiyo si ngumu kama barafu ya maji na inasagika bila kuiumiza blenda.

Kama machungwa yenyewe ni ya maji maji, na hutokea baada ya mvua nyingi au yakivunwa mapema, unaweza kuikoleza juisi bila moto. Igandishe yote kwenye chupa ya plastiki yenye mdomo mpana, ukiacha nafasi juu kwa sababu itavimba. Ikishaganda kabisa, ondoa kifuniko, iinamishe juu ya bakuli ndani ya friji na uache ichuruzike. Kinachotoka mwanzo ndicho chenye sukari na ladha, kwa sababu maji yake yamebaki kwenye barafu. Ukishapata nusu ya ujazo, acha. Utaona barafu iliyobaki imepauka. Onja kidogo uone jinsi ilivyobaki bila utamu. Hiyo nusu ya kwanza ndiyo juisi yako nzito. Inachukua muda, ila kwa mtu anayetaka kinywaji kilichokolea kweli, sijui njia bora zaidi ya jikoni.

Usiichemshe juisi ili ipungue. Moto unaondoa harufu ya tunda bichi na kuacha ladha ya kupikwa, na ladha hiyo haifichiki hata kwa vanila.

Wengine hutatua upwayo kwa maziwa mazito ya kopo yenye sukari. Yanasaidia unene, na vijiko viwili si vibaya ukipunguza sukari. Yakizidi, chungwa linapotea na unabaki na pipi ya maziwa.

Chagua machungwa mazito mkononi, yenye ganda jembamba. Rangi ya nje isikudanganye. Nchi zetu za joto hazina usiku wa baridi wa kuliondolea ganda ukijani wake, kwa hiyo chungwa la kijani la Muheza linaweza kuwa limeiva na tamu kuliko lile la rangi nyangavu lililosafiri kwa meli. Muulize muuzaji akukatie moja uonje. Muuzaji mzuri hakatai.

Kichungu

Uchungu wa chungwa lenyewe una sababu tatu, na kila moja ina namna yake ya kuitambua.

Ukiusikia uchungu mara tu baada ya kukamua, kabla ya kusaga, ni ganda. Ule utando mweupe chini ya ganda ni mchungu, na kikamulio cha umeme kinaukwangua ukibonyeza kupita kiasi. Simama mara nyama ya tunda inapoisha. Ukikamua kwa mkono, usilizungushe tunda mpaka libaki jeupe kabisa.

Ukiusikia baada ya kusaga, ni kokwa. Watu huona uvivu kuchuja, wanamenya chungwa na kulitupa zima kwenye blenda. Kisu cha blenda kinapasua kokwa, na uchungu wake unasambaa kwenye jagi zima. Chuja kwanza, kila mara, hata kama unaamini umeziondoa zote.

Sababu ya tatu inawachanganya watu zaidi. Juisi ilikuwa tamu jioni, ikalala kwenye friji, asubuhi ni chungu, na hakuna aliyetia kitu. Ndani ya baadhi ya machungwa mna kiini kisicho na ladha ambacho, kikishakutana na ukali wa juisi, hugeuka taratibu kuwa limonini, na limonini ni chungu hata ikiwa kidogo. Machungwa yenye kitovu, yale ya aina ya Washington Navel, yanajulikana kwa tabia hii. Ni matamu sana ya kula kwa mkono, lakini juisi yake haipendi kulala. Machungwa ya Valencia yanavumilia zaidi, na ndiyo ninayoyatafuta kwa kugandisha. Kama ulichonacho ni chenye kitovu tu, kamua na utengeneze saa hiyohiyo: weka machungwa mazima kwenye friji tangu jana yake, tumia barafu ya maji kidogo sana, na ongeza kijiko kimoja cha unga wa maziwa kufidia.

Machungwa machanga nayo huleta uchungu huu kuliko yaliyokomaa. Sukari haiondoi uchungu, inaufunika tu. Chumvi ile kidogo ndiyo inayoupunguza, basi usiiruke.

Kuna na uchungu wa vanila, unaokuja na ukali kama wa dawa kooni. Ukiusikia, punguza. Vanila ya chupa za bei ndogo huwa na nguvu kuliko unavyodhani, na nusu kijiko cha chai kwa glasi tatu ni mwisho.

Kimejitenga: maji ya manjano chini, povu kavu juu

Kama kimekaa zaidi ya robo saa, hii si kasoro, ni tabia yake. Koroga na unywe.

Kama kinajitenga ndani ya dakika mbili au tatu, angalia chujio lako. Juisi iliyochujwa kwa kitambaa hadi ikawa nyepesi kabisa imepoteza vile vinyuzi laini vinavyoishikilia. Tumia chujio la chai lenye matundu ya kawaida. Juisi mbichi iliyokaa siku nzima kwenye friji nayo hujitenga yenyewe, kwa sababu vimeng'enya vya tunda vinaendelea kufanya kazi kwenye pektini, gundi ya asili ya tunda, hata kwenye ubaridi. Kipande cha embe lililoiva, ukubwa wa kiganja cha mtoto, kinaurudisha uzito huo vizuri mno.

Sukari imebaki chini, au utamu hausikiki

Sukari haiyeyuki haraka kwenye kitu baridi. Isage na maziwa kabla ya kutia kitu kingine, au tumia shira iliyopozwa. Ulimi nao hausikii utamu sawasawa kwenye baridi: mchanganyiko unaoonekana mtamu barabara ukiwa kwenye joto la kawaida utapoa na kuonekana haujakolea. Onja baada ya kusaga barafu, ndipo uamue kuongeza.

Rangi imepauka

Juisi ya machungwa yetu ya kijani huwa ya manjano, na maziwa yanaipausha zaidi. Haina ubaya wowote. Kama unamwandalia mtu anayekula kwa macho, badilisha machungwa mawili kwa machenza yaliyoiva. Rangi za unga sizipendi hapa. Zinaacha ladha, na mtu anayekunywa juisi ya tunda ana haki ya kupata tunda.

Kina harufu ya samaki

Hii ni ya friza. Barafu na juisi iliyoganda hunyonya harufu za jirani, na friza nyingi za Pwani zina changu au dagaa ndani yake. Gandisha juisi kwenye chombo chenye kifuniko, au funika trei vizuri, na usiiache humo wiki nzima. Ukiweza, trei ikae rafu ya peke yake. Juisi iliyokwisha kushika harufu haiponi.

Blenda inanguruma lakini haisagi, au umeme haupo

Blenda ndogo za nyumbani zinakwama barafu inapokuwa nyingi kuliko majimaji. Zima, usilazimishe, ukisikia harufu ya kuungua, iache ipoe. Vipande vya juisi viache nje dakika tano vilainike, au vifunge kwenye kitambaa safi na uvipondeponde kwa mchi. Bonyeza na kuachia mara kadhaa kabla ya kuiacha izunguke.

Bila umeme, tafuta chombo cha kioo au plastiki kinachofunga barabara. Tia maziwa, unga, sukari na vanila, tikisa kwa nguvu dakika mbili mpaka povu lijae. Ongeza barafu iliyopondwa, kisha juisi baridi mara tatu, ukitikisa kila mara. Povu lake ni la viputo vikubwa na linashuka mapema, lakini ladha ni ileile.

Tumbo halipendi maziwa

Watu wazima wengi hawameng'enyi sukari ya maziwa vizuri, na kinywaji kilichobuniwa kutuliza tumbo hakina sababu ya kulisumbua. Mtindi ni jibu zuri. Kwa kuwa umeshaganda kwa ukali wake wenyewe, hauwezi kukatika tena kwa ukali wa chungwa, na sehemu ya ile sukari imeshaliwa na bakteria wake. Weka mtindi mzito usio na ladha ml 200 mahali pa maziwa, usitie unga wa maziwa, ongeza sukari kijiko kimoja. Povu litakuwa dogo, unene utazidi. Mpishi mwenye haraka, au anayetengenezea watu wengi, aanze na huu. Ndio usio na mitego.

Tui la nazi wengi hulijaribu kwa sababu lipo, na wengi hulalamika kuwa kinywaji kimejaa vijichembe vinavyonata kwenye kaakaa. Vile si maziwa yaliyokatika. Mafuta ya nazi huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi, na humu tunatia barafu. Tui zito litaganda, huna la kufanya. Tumia tui jepesi la mkamuo wa pili, ml 150, lichuje, na hapa peke yake punguza baridi: juisi ya friji badala ya juisi iliyoganda, na vipande viwili tu vya barafu kwenye glasi. Halitoi povu la kujivunia, lakini nazi na chungwa vinapatana, na ukitia hiliki ya kusaga kwa ncha ya kisu utaiacha vanila bila kuikumbuka.

Kimebaki

Usikihifadhi kwenye friji ukitumaini kesho kitakuwa kilekile. Povu litakufa na kitajitenga. Kimimine kwenye vikombe vidogo kikiwa bado baridi, kipeleke friza, na baada ya saa moja kikianza kushikana chomeka vijiti. Watoto watapata lambalamba kesho yake mchana. Kama kilikaa mezani zaidi ya saa moja kwenye joto, kimwage, kwa sababu ndani yake mna maziwa.